Maisha ya David Zeisberger, Mchungaji wa Wakimbizi

Wamoravian wanajulikana sana katika nchi yetu kwa sababu ya kazi waliyoianza Rungwe mwaka 1891. Lakini zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo Ndugu hao walikuwa wamekwisha kutuma wajumbe wa Injili katika nchi nyingi za mbali. Mmoja wao alikuwa David Zeisberger, aliyetumika miaka zaidi ya 60 kati ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Alijenga miji mingi, na karibu yote aliiona ikiachwa au ikichomwa moto. Watu aliowachunga walikuwa wakimbizi, waliofukuzwa mara kwa mara, na mwisho wengi wao waliuawa kwa siku moja kwa sababu ya kabila lao. Twawaandikia habari zake ili zijulikane, maana jambo lililowapata watu wale halikuwapata wao peke yao katika dunia hii.

Utoto wake

David Zeisberger alizaliwa tarehe 11 Aprili 1721 katika kijiji cha Zauchtenthal, nchi ya Moravia, ambayo siku hizi ni sehemu ya Ucheki. Wazazi wake walikuwa wa ukoo wa Ndugu wa zamani, waliofuata mafundisho ya Jan Hus. Imani hiyo ilikuwa imekatazwa na wenye mamlaka, na mtu aliyeishika aliweza kutiwa gerezani. Kwa hiyo watu wengi waliacha nyumba zao wakatoroka. Mwaka 1722 wakimbizi wa kwanza walifika Saksonia, katika shamba la Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, mtu mwenye cheo, naye Mlutheri. Aliwapa mahali pa kujenga, wakapaita Herrnhut. Mwaka 1726 wazazi wa David nao waliondoka, wakaacha mali yao, wakaenda Herrnhut. Mtoto wao alikuwa na umri wa miaka mitano. Basi tangu utoto alijua maana ya kuacha nyumbani kwa hofu, na maana ya kupokewa na watu wasio wa nchi moja naye.

Mwaka 1736 wazazi wake walisafiri kwenda Georgia, koloni la Waingereza katika Amerika, nao wakamwacha kijana Herrnhut ili asome. Baadaye alipelekwa Uholanzi kufanya kazi. Huko alishtakiwa wizi ambao hakuutenda, akatoroka pamoja na rafiki yake, akapata njia ya kuwafuata wazazi wake, akafika Georgia mwaka 1738. Lakini Ndugu hawakukaa huko siku nyingi. Vita vilianza kati ya Waingereza na Wahispania, nao walikataa kushika silaha. Kwa hiyo jirani zao wakawachukia. Mwaka 1740 walihamia Pennsylvania, na huko wakajenga mji wa Bethlehem. Zeisberger alikuwa mmoja wa vijana waliokata miti ya kwanza.

Jinsi alivyojifunza lugha

Ndugu walitaka kumrudisha Ulaya mwaka 1743, hata akawa amekwisha kupanda merikebu. Walakini alipoulizwa kama anakwenda kwa hiari yake, alikiri kwamba moyo wake u kwa wenyeji wa nchi, akaruhusiwa kushuka. Tangu siku hiyo alitia bidii kujifunza lugha zao. Mwaka 1745 alikwenda kukaa kwa Wamohawk ili ajifunze vizuri. Lakini wakuu wa New York walimdhania kuwa mpelelezi wa Wafaransa, wakamfunga gerezani wiki kadhaa. Alipofunguliwa hakurudi nyuma. Alikaa miaka Onondaga, mahali pa baraza kuu la makabila sita ya Wairokoi, na watu wa huko wakamhesabu kuwa ndugu yao, wakampa jina la kwao. Mwaka 1749 alibarikiwa kuwa mchungaji.

Kazi yake kubwa ilikuwa kwa Wamohikani na Walenape, ambao Waingereza huwaita Wadelaware. Alijua lugha ya Walenape vema kabisa. Aliwaandikia kitabu cha kufundishia kusoma, kilichopigwa chapa Philadelphia mwaka 1776, na kitabu cha nyimbo, kilichotoka mwaka 1803. Aliandika pia kamusi na habari za desturi zao, na kila siku aliandika yaliyotokea katika mji. Kwa maandiko hayo twajua mambo mengi ya watu wale ambayo yangalipotea.

Mkutano uliofukuzwa mara nyingi

Mkutano wa kwanza wa Wamohikani ulikuwa Shekomeko, katika New York. Wazungu waliowauzia pombe na waliotaka ardhi yao waliwachongea wamisionari kwa serikali, na mwaka 1744 ikatolewa sheria ya kuwaondoa. Wakristo wakawafuata walimu wao Pennsylvania, na mwaka 1746 wakajengewa mji karibu na mto Lehigh. Mji huo uliitwa Gnadenhütten, maana yake Vibanda vya Neema. Msomaji na alikumbuke jina hilo, maana baadaye mji mwingine ulipewa jina lile lile.

Miaka michache ikapita katika amani, kisha vikaja vita vya Wafaransa na Waingereza. Wakristo wale walikaa katikati. Wapiganaji wa makabila yaliyokuwa upande wa Wafaransa waliwakasirikia kwa kuwa hawakutaka kupigana. Na jirani zao Wazungu walinong'ona kwamba Ndugu na wanafunzi wao ni rafiki wa Wafaransa kwa siri. Tarehe 24 Novemba 1755 wapiganaji waliishambulia nyumba ya wamisionari ng'ambo ya Gnadenhütten, wakaua watu 11 na kuichoma moto nyumba. Zeisberger alikuwa njiani karibu na mahali pale, akapeleka habari Bethlehem usiku ule. Ndipo jirani zao walipoacha kuwadhania mabaya Ndugu: ilipasa kwanza wauawe, ili waaminiwe kuwa hawakushirikiana na adui.

Lakini imani ile waliipata wamisionari tu; wanafunzi wao hawakuipata. Mwaka 1763 vita viliwaka tena katika mipaka ya nchi, na Wazungu wengi waliokaa mashambani waliuawa au kutekwa. Uchungu wao ulikuwa wa haki, lakini waliumwaga juu ya watu wasiohusika. Kundi la watu wa Paxton lilishika silaha. Tarehe 14 Desemba 1763 waliwavamia watu wa Conestoga, kabila dogo lililokaa kwa amani katikati ya Wazungu tangu muda mrefu, wakaua 6. Waliosalia, watu 14, walitiwa na wakuu katika nyumba ya serikali mjini Lancaster ili walindwe. Tarehe 27 Desemba kundi lile likaingia mchana, likawaua wote, wanaume na wanawake na watoto.

Wakristo wa Ndugu, wapatao 140, walikuwa wamekwisha kuchukuliwa Philadelphia. Serikali ilitaka kuwapeleka New York, lakini gavana wa huko alikataa kuwapokea, hata ikawabidi warudi njia ile ile wakati wa baridi kali. Zeisberger alifuatana nao kwa sehemu ya safari hiyo. Katika Februari 1764 watu wa Paxton walielekea Philadelphia wakiwa na silaha ili wawaue. Wenye mji walijikusanya kuwazuia, na Benjamin Franklin pamoja na wazee wengine wakaenda kusema nao Germantown, hata wakarudi kwao. Wakimbizi waliokoka na bunduki, lakini katika kambi ya askari walimofungiwa walishikwa na ndui na kuhara damu, na zaidi ya 50 wakafa. Mwaka 1765 waliobaki waliruhusiwa kutoka. Zeisberger akawaongoza mpaka Wyalusing, kando ya mto Susquehanna, wakajenga Friedenshütten, yaani Vibanda vya Amani. Mwaka 1768 ardhi ile iliuzwa kwa Wazungu katika mkataba, wala wao waliokaa juu yake hawakuulizwa.

Miji ya bonde la Tuscarawas

Kule magharibi, katika nchi ya Ohio, Walenape walikuwa na mzee mkuu aliyeitwa Netawatwees. Alipata habari za Zeisberger, akawakaribisha Wakristo wakae katika nchi yake. Tarehe 3 Mei 1772 Zeisberger na watu wachache walianza kujenga Schönbrunn, yaani Chemchemi Nzuri, kando ya mto Tuscarawas. Mwaka ule ule watu zaidi ya 200 walitoka Wyalusing, wakavuka milima pamoja na ng'ombe wao, wakaja kukaa huko. Wamohikani wakajenga mji wao chini kidogo, wakauita Gnadenhütten, kwa kukumbuka ule wa zamani. Baadaye ukajengwa na Salem.

Yafaa msomaji aelewe miji hiyo ilikuwaje. Schönbrunn ilikuwa na nyumba zaidi ya 60 za magogo, kanisa kubwa, na shule iliyofundisha watoto kwa lugha yao. Palikuwa na mashamba ya mahindi yenye ua, na mifugo mingi. Mji ulikuwa na sheria zilizokubaliwa na wote: watu waiheshimu siku ya Bwana, wasiibe, wasilete pombe mjini. Vita vilipokaribia waliongeza sheria nyingine: mtu atakaye kwenda vitani hana ruhusa ya kukaa hapa, wala mtu asinunue kitu kilichotekwa na wapiganaji. Wazee wa mkutano walikuwa Walenape na Wamohikani wenyewe. Mmoja wao alikuwa Isaac Glikhikan, ambaye zamani alikuwa mkuu wa vita na msemaji hodari. Alikuja kwa Zeisberger kwa kusudi la kumshinda kwa maneno mbele ya watu, lakini akashindwa yeye. Akabatizwa mwaka 1770, akawa nguzo ya mkutano.

Kati ya pande mbili

Mwaka 1775 vita vilianza kati ya Waingereza na makoloni yao ya Amerika. Waingereza walikuwa na ngome Detroit, upande wa kaskazini; Wamarekani walikuwa na ngome Fort Pitt, upande wa mashariki; na miji ya Wakristo ilikuwa katika njia ipitayo kati yao. Walenape wenyewe waligawanyika. Netawatwees alikufa mwaka 1776. White Eyes, mkuu aliyetaka urafiki na Wamarekani, alikufa mwaka 1778 alipokuwa akisafiri na jeshi lao. Mkuu mwingine, Captain Pipe, akaenda upande wa Waingereza. Wapiganaji waliokwenda kushambulia Wazungu walipita katika miji ya Wakristo, wakaomba chakula, nao walipewa kwa desturi ya ukarimu. Waliporudi na mateka, Wakristo mara nyingine waliwahurumia mateka hao na kuwasaidia. Kwa hiyo Wamarekani walisema kwamba miji ile ni nyumba ya adui, na rafiki za Waingereza walisema kwamba ni masikio ya Wamarekani.

Hapa imetupasa kusema kweli yote. Zeisberger na mwenzake John Heckewelder walikuwa wakipeleka barua Fort Pitt kwa siri, kuwaonya Wamarekani wakati vikosi vya vita vilipotoka. Walitaka kuokoa watu wa mashambani wasiuawe, na hapana shaka wengi waliokolewa. Lakini barua zile ziliwaweka watu wao katika hatari kubwa, maana huwezi kuwa mtu asiye na upande huku ukiupa upande mmoja habari za mwingine. Neno hili wale waandishi waliomsifu Zeisberger hulipita upesi. Sisi hatulitaji kwa kumhukumu, bali kwa sababu yaliyofuata hayaeleweki bila hilo.

Mwezi wa Septemba 1781 Wawyandot na Walenape wa upande wa Waingereza waliwajia na kuwalazimisha kuacha miji yote mitatu. Mahindi yalikuwa bado mashambani. Waliongozwa mpaka Sandusky, wakaachwa huko bila chakula wala nyumba za kutosha. Wamisionari waliitwa Detroit kuhukumiwa mbele ya mkuu wa ngome, Arent DePeyster. Captain Pipe, aliyewashtaki, alisimama akawatetea, wakaachiliwa. Lakini katika baridi ile watu waliona njaa ya kutisha. Watoto walilia, na mifugo ikafa. Basi mwanzoni mwa mwaka 1782 watu wapatao 150 waliruhusiwa kurudi katika mashamba yao ya zamani kuvuna mahindi yaliyosimama chini ya theluji.

Siku ya 8 Machi 1782

Katika Februari ya mwaka ule wapiganaji walikuwa wamewashambulia Wazungu wa mpakani, wakaua na kuteka, hata wanawake na watoto. Raia wa magharibi ya Pennsylvania, wapatao 160, wakakusanyika na bunduki zao, na mkuu wao alikuwa David Williamson. Hawakuwa askari wa mshahara. Walikuwa wakulima na vijana wa vijijini, wengi wao watu waliosali siku ya Jumapili. Walielekea Tuscarawas.

Walipofika Gnadenhütten waliwakuta Wakristo wakivuna. Waliwasalimu kwa upole, wakawaambia wamekuja kuwachukua Fort Pitt wapate chakula na usalama. Wakristo walifurahi, wakatoa bunduki zao na hata visu vyao, wakatuma wenzao kuwaita watu wa Salem nao waje. Wote walipokwisha kukusanyika walifungwa kamba na kutiwa katika nyumba mbili, wanaume mbali, na wanawake na watoto mbali. Kisha wakashtakiwa. Ushahidi ulikuwa nini? Ni kwamba walikuwa na shoka, sufuria, sahani na farasi wenye alama, na Wazungu wale walisema kwamba vitu hivyo havimfai mwenyeji, ila vimeibwa. Wakristo wakajibu kwamba ni mali yao, waliyoinunua au kuichukua kutoka Pennsylvania walipohama. Haikusaidia kitu.

Williamson hakutaka kuamua peke yake. Aliwauliza watu wake kama mateka wachukuliwe Fort Pitt ama wauawe, akawaambia watakaowahurumia wajitenge mbele. Watu wapatao 16 au 18 tu ndio waliotoka katika mstari. Wengine wote walisimama mahali pao. Wale waliotoka walimwita Mungu awe shahidi kwamba mikono yao ni safi, wakaenda kando, lakini hawakuzuia.

Mateka waliambiwa kwamba watakufa. Waliomba nafasi ya kujiweka tayari, wakapewa usiku ule. Wakasali, wakaombana msamaha, wakaimba mpaka asubuhi. Tarehe 8 Machi walitolewa wawili wawili kwa kamba mpaka nyumba mbili zilizochaguliwa, wakapigwa kichwani kwa nyundo ya fundi wa mapipa, kisha wakachunwa ngozi ya kichwa. Waliouawa walikuwa 96: wanaume 28, wanawake 29, na watoto 39. Isaac Glikhikan na mkewe Anna Benigna walikuwa miongoni mwao. Wavulana wawili tu waliponyoka: mmoja alijificha chini ya sakafu, na mwingine, aliyekuwa amekwisha chunwa, alilala kati ya maiti kama aliyekufa hata giza likaingia. Watu waliokuwa wakivuna katika mji wa juu walipata habari mapema wakakimbia. Nyumba zilichomwa moto pamoja na miili. Walioua walirudi kwao na farasi na mali.

Hao ndio watu waliokwisha kukimbia kutoka New York, kutoka Lehigh, kutoka Philadelphia na kutoka Wyalusing. Waliuawa na raia wa upande ule ambao mchungaji wao alikuwa ameuonya mara nyingi ili kuokoa maisha yao. Hakuna mmoja wa wauaji aliyehukumiwa. Williamson mwenyewe baadaye alichaguliwa na watu wa wilaya yake kuwa sherifu.

Na kisasi hakikukawia, wala hakikumpata aliyestahili. Katika Juni 1782 jeshi jingine la Wamarekani lilishindwa karibu na Sandusky. Mkuu wake William Crawford, ambaye hakuwako Gnadenhütten, alishikwa na Walenape, akateswa na kuchomwa moto kwa ajili ya damu ile. Williamson alikuwako katika jeshi hilo, naye akaokoka. Ndivyo ilivyo siku zote, watu wakihesabiana kwa kabila: anayelipa si yule aliyekopa.

Uzee wake

Siku ile Zeisberger hakuwako. Wamisionari walikuwa wameitwa tena Detroit. Haukupita mwezi habari zikamfikia. Alikuwa na umri wa karibu miaka 61. Alikuwa amemwoa Susan Lecron mwaka uliotangulia tu, wala hawakupata mtoto; watu waliouawa ndio waliokuwa watoto wake, aliowabatiza na kuwafundisha kusoma. Wengi walidhani sasa kazi yake imekwisha. Waliosalia walikuwa wametawanyika, na wengine walisema hawatasikia tena habari za Mungu wa Wazungu. Nani angewalaumu?

Zeisberger aliwatafuta. Mwaka ule ule wa 1782 alijenga mji mpya karibu na Detroit, katika nchi ya Wachippewa, na watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mwaka 1786 iliwabidi kuondoka. Wakakaa Cuyahoga, kisha karibu na ziwa Erie, kisha wakavuka kwenda Kanada, na mwaka 1792 wakajenga Fairfield kando ya mto Thames. Kila mahali walianza kwa kukata miti, kupanda mahindi na kujenga nyumba ya ibada.

Mwaka 1796 serikali ya Marekani iliwapa ekari 12,000 mahali pa miji yao mitatu ya zamani. Mwaka 1798 Zeisberger, mzee wa miaka 77, alirudi na watu wachache katika bonde la Tuscarawas, wakajenga Goshen. Heckewelder na mwenzake walikusanya mifupa iliyobaki Gnadenhütten, wakaizika. Lakini Wazungu waliongezeka pande zote, na pombe yao pamoja nao, na mkutano wa Goshen ukapungua. Zeisberger alikufa huko tarehe 17 Novemba 1808, akiwa na miaka 87, huku Walenape wakimwimbia nyimbo alizozitia katika lugha yao. Alizikwa kati yao.

Mwaka 1813 jeshi la Marekani liliichoma moto Fairfield. Watu wake wakajenga tena ng'ambo ya mto, na wajukuu wao wako Ontario hata leo, mahali paitwapo Moraviantown. Gnadenhütten nako liliwekwa jiwe la ukumbusho mwaka 1872, nalo limesimama pale hata sasa.

Neno kwa walimu na wazee wa makanisa

Ndugu zangu, tukisoma habari hizi ni rahisi kuwaita wale watu 160 kuwa wanyama, kisha tukalala usingizi. Walakini hawakuwa wanyama. Walikuwa wamefiwa kweli, wakaogopa kweli. Kosa lao lilianza pale walipoacha kuuliza ni nani aliyetenda, wakauliza tu ni wa kabila gani. Hata nyumba nzuri na vyombo safi vya wakimbizi viligeuzwa kuwa ushahidi juu yao.

Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimepokea wakimbizi wengi. Katika vijiji vingi wako watu waliokuja kutoka ng'ambo ya mpaka, wakalima, wakajenga, wakasali pamoja nasi. Siku ya amani hatuulizi asili yao. Lakini ng'ombe akiibwa, au mtu akiuawa usiku, au mashamba yakiwa haba, ndipo neno la kabila hutajwa kwanza penye kilabu, kisha kisimani, kisha hata mlangoni pa kanisa. Mwalimu wa kanisa hulisikia mapema kuliko polisi. Basi asinyamaze. Na aulize jina la mtenda, na aliyeona ni nani, naye amwendee mgeni nyumbani kwake mchana, watu wote wakiona.

Tena tuwakumbuke wale wachache waliotoka katika mstari. Mioyo yao ilikuwa hai, lakini walitosheka kuweka mikono yao safi, wakasimama kando wakati watoto 39 walipokuwa wakiuawa. Mungu ndiye atakayewahukumu. Sisi tuombe kwamba siku ikija ya kuulizwa hivyo kijijini kwetu, tusiishie kutoka katika mstari tu, bali tusimame mlangoni pa nyumba ile walimofungwa.